Mkungu umepasua ukuta wangu: niukate, niupunguze au niuache?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Naishi Sinza, Dar es Salaam, kwenye nyumba aliyotuachia baba. Upande wa magharibi kuna mkungu mkubwa, ule unaozaa kungu, aliupanda mwenyewe kabla sijazaliwa. Umeinua pevingi, ukuta wa fensi una ufa unaoingia kidole, na majani yanaziba mfereji wa bati la jirani, kila wiki ni maneno. Nimepima: shina lina mzunguko wa sentimita 190, liko mita moja na robo kutoka ukutani na kama mita sita kutoka kwenye nyumba. Fundi anasema mizizi itafika kwenye msingi, nimpe kazi aikate yote ya upande wa ukuta na aushushe mti nusu. Mdogo wangu anataka ung'olewe tujenge fremu. Mimi roho inaniuma. Nifanye nini? Na ukikatwa, tupande nini?

Jibu: Marahaba, dada. Kwa ufupi: mti ubaki, ukuta ndio urekebishwe, na majani yatafutiwe utaratibu. Lakini kuna jambo moja naomba ulishike hata kama mengine yote utayakataa: usimruhusu fundi aushushe mti nusu. Katika njia ulizopewa hiyo ndiyo mbaya kuliko zote, na inapita kirahisi kwa sababu inafanana na suluhu ya kifamilia, hakuna aliyeshinda wala aliyeshindwa. Mkishindwana kabisa, afadhali mdogo wako aung'oe kuliko mbaki na mkungu uliokatwa kichwa juu na mizizi chini.

Nianze na mizizi, maana ndiyo inayokunyima usingizi.

Watu wengi huuwazia mti mkubwa kwamba una mzizi mmoja mnene unaozama chini kabisa. Mche huanza hivyo, lakini mti ukishakomaa sehemu kubwa ya mizizi yake huwa kwenye sentimita 60 za juu za udongo, kwa kuwa huko ndiko kwenye hewa na maji ya mvua. Imetandazwa kama jamvi, na ncha zake huwa zimevuka mbali kuliko pale kivuli cha matawi kinapoishia. Kwa hiyo mizizi ya mkungu wako ilishafika kwenye nyumba siku nyingi, pengine ukiwa bado shule ya msingi. Fundi anakutisha kwa jambo lililokwisha kutokea.

Cha kuuliza ni kama mizizi hiyo ina nguvu ya kufanya kitu pale ilipofika. Mzizi hunenepa mwaka hadi mwaka, na ulio karibu na shina hunenepa zaidi. Pevingi imelala tu juu ya mchanga. Ukuta wa fensi, kwa ujenzi wetu wa kawaida, una tofali mbili tatu chini ya ardhi na haujabeba chochote. Hivyo viwili lazima viinuke. Nyumba ina uzito wa kuta, linta na paa, na msingi wake umeshuka zaidi. Mzizi mwembamba wa mita sita kutoka kwenye shina ukikutana nao, hugeuka na kuufuata ukuta.

Kinachoweza kuiumiza nyumba ni udongo wenyewe. Mfinyanzi mweusi, ule unaopasuka nyufa kiangazi na kung'ang'ania viatu wakati wa masika, huvimba ukipata maji na kusinyaa ukiyakosa. Mti mkubwa ukinywa maji yake kiangazi, msingi waweza kushuka upande mmoja. Kwenye udongo mweusi wa Eastlands kule Nairobi hiyo si hofu ya kufikirika. Sehemu kubwa ya Dar ni kichanga, na mchanga hausinyai hivyo, ila mabonde ya mito, likiwemo la Mto Ng'ombe ambao hauko mbali na kwenu, yana mfinyanzi. Usibahatishe. Chimba shimo la sentimita 60 karibu na nyumba, chukua udongo wa chini, ulowanishe na uuviringishe mkononi. Ukipata kamba nyembamba inayokunjika kuwa pete bila kukatika, huo ni mfinyanzi. Ukimomonyoka vidoleni, hofu ya msingi iweke pembeni.

Kama nyumba nayo ina nyufa, zisome kabla ya kuuhukumu mti. Nyufa za nywele kwenye plasta karibu kila mara ni za plasta. Ufa wa udongo unaosinyaa hupita mshazari kuanzia kona ya dirisha au mlango, mara nyingi ukifuata viungo vya tofali ngazi kwa ngazi, na hupanuka kiangazi ukajibana masika. Chukua penseli, piga mstari kwenye ncha zote mbili za ufa, andika tarehe na upana wake hapo hapo ukutani. Angalia tena mvua zikiisha, kisha mwisho wa kiangazi. Ufa ambao haujasogea msimu mzima hauna kesi na mkungu.

Na chemba, kabla hujaniuliza: mzizi hautoboi bomba zima la plastiki. Huingia pale ambapo kiungo kilikuwa kinavuja tayari, ukafuata maji, ukajaa humo. Ukikata mti bila kubadilisha kile kipande cha bomba, chemba itaendelea kuziba na maji machafu yataendelea kuvuja ardhini.

Sasa hesabu ambayo fundi hakuifanya. Mzunguko wa sentimita 190, gawanya kwa 3.14, unapata kipenyo cha karibu sentimita 60. Wanaolinda miti kwenye maeneo ya ujenzi huzidisha kipenyo hicho mara 12 kupata duara lisiloguswa, kwako ni kama mita 7.2 kutoka kwenye shina. Kwenye kiwanja cha Sinza hilo ni ua wote na kipande cha kwa jirani, haliwezekani, na mti wenyewe ulishazoea kuishi na zege. Lakini kuna duara la ndani, la kama mara tatu ya kipenyo, ambalo halina mjadala, kwa sababu mizizi ya hapo ndiyo inayousimamisha mti. Kwako ni mita 1.8. Ukuta uko mita 1.25. Fundi anataka kuingia na shoka kwenye nguzo za mti, tena za upande mmoja.

Mti katika upepo hushikiliwa zaidi na mizizi ya upande upepo unakotoka. Ukikata ya upande wa ukuta, siku dhoruba ikivuma kutoka magharibi mti hauna cha kuushika, unalala mashariki, na mashariki ndiyo nyumba yenu. Mkungu kwa asili ni mti wa pwani, unastahimili upepo wa bahari kuliko miti mingi tunayopanda mjini. Ukiona mkungu mzima umeng'oka na mizizi yake, chungulia lile shimo: aghalabu utakuta upande mmoja ulikatwa zamani kwa ajili ya bomba, mtaro au ukuta.

Basi ukuta ufanyweje? Vunja kipande kilichopasuka, mita mbili au tatu tu. Ondoa tofali za msingi pale mzizi ulipopita, kwa mikono na sururu ndogo, usiuchubue. Jenga vinguzo viwili vya zege, kimoja kila upande wa mzizi, vishuke chini kwenye udongo mgumu. Juu yake lazwe linta yenye nondo, ikivuka mzizi na kuacha nafasi ya kama sentimita 10 ili uendelee kunenepa. Tofali zipandishwe juu ya linta. Ni kazi ya kawaida kwa fundi yeyote anayejua kusuka nondo. Mwaka 2020, wakati barabara ya juu ya Nairobi inajengwa, mugumo mkubwa, mti wa jamii ya mtini, ulio kando ya barabara ya Waiyaki Way ulinusurika kwa amri ya serikali na barabara ikapita bila kuukata. Kama barabara ya magari inaweza kuukwepa mti, fensi ya tofali itaweza.

Pevingi ziondoe kabisa kuzunguka shina, angalau mita moja na nusu kila upande, uweke kokoto au matandazo ya majani makavu. Maji yakizama hapo mizizi hupata sababu ndogo ya kutafuta unyevu chini ya sakafu. Usiijaze sehemu hiyo udongo mpya ukapanda juu ya shina. Shina likifukiwa huoza kimyakimya.

Utaniuliza, kwa nini taabu yote hii kwa mti mmoja? Kwa sababu ya mahali ulipo. Ushauri mwingi wa miti na joto umeandikwa na watu wa nchi za baridi, wanaohangaika na jua la upande wa kusini. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Jua la mchana kwetu linapiga paa, na kuta zinazoumia kweli ni ya mashariki asubuhi na ya magharibi alasiri. Ya magharibi ndiyo mbaya, kwa sababu inapigwa wakati hewa imeshachemka, na tofali la saruji hulitunza joto hilo likalitoa chumbani usiku mnapotafuta usingizi. Marehemu baba yenu aliupanda upande sahihi kabisa, awe alikusudia au la.

Kivuli ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni maji. Kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke kunakula joto linalolingana na karibu uniti 0.7 za umeme wa LUKU. Mti mkubwa wenye maji ya kutosha ardhini waweza kutoa lita 100 kwa siku kupitia majani yake. Piga hesabu: ni joto la karibu uniti 70, kila siku, bila bili. Sisemi zote zinaingia mfukoni mwako. Upepo huchukua ubaridi huo ukaugawa mtaani, na jirani anayelalamikia majani anapata mgao wake vilevile. Ndiyo maana hesabu ya fremu dhidi ya mti haikamiliki kwa kutazama kodi ya fremu peke yake. Hiyo ni hesabu ya familia, siwaingilii, ila mkiipiga wekeni ndani yake feni na kiyoyozi cha vyumba vya magharibi.

Yapo mengine yanayosemwa kuhusu miti ya mjini, na mengi ni kweli. Roger Ulrich alichapisha mwaka 1984 utafiti wa hospitali moja huko Pennsylvania, Marekani: waliofanyiwa upasuaji wa nyongo na kulazwa kwenye vitanda vyenye dirisha linaloona miti walitoka mapema kidogo na kuhitaji dawa kali za maumivu kidogo kuliko walioona ukuta wa matofali. Mtaalamu mwingine, Cecil Konijnendijk, alipendekeza kipimo kinachoitwa 3-30-300: kila mtu aone miti mitatu akiwa nyumbani, mtaa wake uwe na kivuli cha matawi asilimia 30, na bustani isizidi mita 300 kutoka kwake. Simama mlangoni uhesabu mitatu yako. Lakini nisikudanganye kwamba mkungu wako utazuia mafuriko. Mvua kama zile za Desemba 2011 zinataka mitaro na mabonde yasiyojengwa, si mti wa uani.

Turudi juu kwenye matawi, pale pa "kushusha nusu". Majani ndiyo jiko la mti. Ukiyaondoa kwa mkupuo, mti hula akiba yake na kukimbilia kuchipua upya. Yale machipukizi manene utakayoyaona baada ya wiki chache huota chini tu ya gome, hayana mizizi ndani ya mbao kama tawi lililokua na shina. Yanarefuka upesi, miaka michache yamerudi kwenye kimo kilekile, safari hii yameshikilia juu ya kisiki kinachooza. Daktari wa miti Alex Shigo wa Marekani alitumia maisha yake kupasua mashina kwa msumeno ili kuonyesha hili: mti hauponyi kidonda kama mwili unavyopona, unakizungushia ukuta ndani na kuendelea kukua kwa nje. Kidonda kidogo mahali sahihi huzungukwa. Kisiki cha unene wa paja katikati ya tawi hakizungukwi, kuoza hushuka kuelekea kwenye shina. Mkungu uliokuwa salama umegeuzwa kuwa wa hatari, na umelipia.

Unachohitaji ni kupogoa kwa kuchagua. Yaondolewe matawi makavu, yanayosuguana, na yale ya chini kabisa ili upepo wa kaskazi na kusi upite chini ya mti mpaka madirishani. Lile linaloelekea kwenye bati la jirani lirudishwe hadi kwenye tawi lake dogo linalotazama juu, lisikatwe tu popote panga linapofika. Mkungu hupanga matawi yake ghorofa kwa ghorofa, kwa hiyo kuondoa ghorofa moja ya chini hakuharibu umbo lake. Yote kwa pamoja yasizidi robo ya majani.

Tawi zito hukatwa kwa mikato mitatu, simama uitazame. Wa kwanza unatoka chini kwenda juu, kama sentimita 30 kutoka kwenye shina, theluthi moja tu ya unene. Wa pili unatoka juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza. Tawi linaanguka bila kuchana gome la shina. Wa tatu unaondoa kibutu kilichobaki, nje kidogo ya ule uvimbe wa mviringo pale tawi linapoota. Uvimbe huo ndio wenye uwezo wa kufunga kidonda, ukikatwa pamoja na tawi umekwisha. Usiache kibutu, usikate hadi kwenye shina. Hakuna rangi, lami, oili chafu wala saruji ya kuziba. Chokaa nyeupe tunayopaka mashina ni urembo tu. Na ukiwa hapo, ng'oa na misumari ya matangazo ya waganga na vyumba vya kupanga.

Kuhusu jirani, ana haki, na si kwa ajili ya usafi tu. Mkungu hupukutisha majani yake mapana mara moja au mbili kwa mwaka, mekundu na mazito, na mfereji wa bati ulioziba hutuamisha maji. Mbu wa dengi, ambaye Dar ilimfahamu vizuri mwaka 2014 na 2019, huzaliana kwenye maji kidogo ya namna hiyo. Nenda kwake kabla hajaja. Lipia waya wa kuzuia majani kwenye mfereji wake, na msimu wa kupukutika mtume kijana apande kusafisha mara moja kwa wiki. Majani yenyewe usiyachome, yatandaze chini ya mti au yafanye mboji. Wafugaji wa samaki wa mapambo hununua majani makavu ya mkungu kwa ajili ya maji ya matangi yao, kwa hiyo hata watoto waweza kupata senti hapo.

Ningebadili ushauri wangu wote ukiona mojawapo ya haya: uyoga mgumu unaoota kwenye kitako cha shina, udongo unaoinuka au kupasuka upande mmoja mti ukitikiswa na upepo, mlalo mpya ambao mwaka jana haukuwepo, au ufa kwenye panda mahali gome limebanwa katikati. Gonga shina pande zote kwa nyundo ya mbao. Likilia wazi kama debe, mwite mtu mwenye kifaa cha kutoboa na kupima. Shina lenye uwazi si lazima litaanguka. Wakaguzi huanza kuwa na wasiwasi mbao nzima iliyobaki ikiwa nyembamba kuliko theluthi moja ya nusu kipenyo. Kwako hiyo ni kama sentimita 10.

Kabla ya kazi yoyote, pitia Serikali ya Mtaa na ofisi ya misitu au mazingira ya manispaa, uulize kibali na upate maandishi. Waya wa umeme ukipita kati ya matawi, TANESCO waitwe kwanza, asipande mtu na panga. Wapo mafundi wenye msumeno wa mnyororo, kamba na kofia. Mwulize atakata wapi na kwa nini kabla ya kumwuliza bei.

Na ukilazimika kuukata, ule mpya usiwe mtini wa mapambo, mkaratusi, msufi wala mkrismasi. Kwenye kiwanja chako wote hao watakurudisha hapa ulipo. Mwashoki ni mzuri kama pazia, ila kivuli chake hakitoshi kulaza mkeka. Mwarobaini unafaa ukiwa mita nne au tano kutoka ukutani. Karibu zaidi ya hapo, au chini ya waya, panda mpera, mstafeli, mlimau au mkomamanga.

Shimo liwe pana mara mbili au tatu ya kiriba, kina kiwe sawa na kiriba, si zaidi. Kiriba kivuliwe chote, na mizizi iliyojizungusha ndani yake ikatwe, la sivyo itaendelea kujinyonga ardhini. Pale shina linapopanuka kuwa mizizi paonekane juu ya udongo. Panda mvua za masika zikianza. Kiangazi cha kwanza mwagilia lita 20 mara mbili kwa wiki, cha pili mara moja. Mwaka wa tatu mti utajitafutia wenyewe.